Hodhi la Samaki Lisilo na Kichujio: Ni Nani Husafisha Maji?

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kufuga samaki nyumbani katika hodhi la kioo bila kichujio cha umeme. Tuanze na neno lenyewe, kwani limewapotosha wengi.

Kichujio ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi chuja. Msikiaji hudhani kwamba kazi yake ni kunasa taka tu, mithili ya chujio la chai. La hasha! Amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, huyeyuka majini na kupenya kitambaa chochote. Wanaoiondoa ni bakteria: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo. Kichujio huwapa bakteria hao makao na oksijeni. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, huweza kufa. Hata hivyo, changarawe na majani ya mimea ni makao pia, na mimea yenyewe hufyonza amonia na nitrati.

Hivyo basi, mfugaji achague hodhi pana lenye kina kifupi, la lita 40 hivi. Maji ya bomba yaachwe wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Apande mimea ya majini kwa wingi, kisha asubiri wiki nne hadi sita akitia chembe chache za chakula ili bakteria wazaliane. Ndipo atie samaki wadogo wasiozidi watano, na kila wiki abadilishe robo ya maji. Samaki wengi hufa kwa sababu ya haraka katika hatua hii.

Aidha, mahali pana athari. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban 1,400. Kwa joto lile lile, maji ya huku hushika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa. Baridi ya Kitale huwapunguzia bakteria kasi, hivyo subira izidi; joto la Bungoma hupunguza oksijeni, hivyo samaki wapungue.

Hatimaye, mimea na samaki wa hodhini wasitupwe mitoni. Mto Nzoia huishia Ziwa Viktoria, ambako magugumaji yenye asili ya Amerika ya Kusini yaliziba Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990.