Gari Zenye Mapezi: Kwa Nini Mtu Atumikie Gari Moja Miaka Kumi?



Jioni ya siku ya posho iliyopita kulitokea mabishano katika bweni la wakubwa, na kelele ikafika mpaka kwa mwangalizi. Kwa kuwa mimi ni kapita, ni mimi niliyeitwa kujibu. Sababu ilikuwa picha moja tu katika gazeti la Kifaransa la maktaba: gari ya Marekani, nyekundu, ndefu kama mtumbwi, na nyuma iko na mapezi mawili kama ya samaki. Chini ya picha waliandika kwamba mwenye gari, mzee mwenye mvi, aliitengeneza kwa mikono yake miaka kumi na miwili. Ndugu mmoja akasema: «Huyu mzee ana wazimu. Miaka kumi na miwili kwa gari ambayo haiwezi hata kupanda njia yetu ya soko!» Mwingine akajibu kwamba kazi ni kazi. Basi nikasoma, nikauliza mwalimu wa fizika, na haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na mapezi yenyewe. Mwaka 1941 mkubwa wa wachoraji wa General Motors, jina lake Harley Earl, alikwenda na watu wake kutazama ndege ya vita iliyoitwa P-38, karibu na mji wa Detroit. Ndege ile ilikuwa na mikia miwili, na umbo lake likabaki katika kichwa chake. Vita ilipokwisha, Cadillac ya mwaka 1948 ikatoka na vipezi vidogo juu ya taa za nyuma. Tangu hapo kila fabrika ikataka mapezi makubwa kuliko ya jirani. Mwaka 1957 Chrysler, kwa michoro ya Virgil Exner, ikatoa gari zenye mapezi marefu sana, hata ikasema kwamba yanasaidia gari kusimama sawa katika upepo. Mwaka 1959 Cadillac ikapita wote: gari ya metre 5.7, motere ya litre 6.4 yenye nguvu za farasi 325, na katika kila pezi taa mbili nyekundu zilizochongoka. Kisha mapezi yakaanza kushuka. Katika Cadillac za mwaka 1965 yalikuwa yamekwisha.

Hapa njo pahali pa kufikiri. Gari zile hazikufanywa ili zidumu. Zilibadilishwa sura kila mwaka kwa kusudi, ili mtu aliyenunua mwaka jana aone haya mbele ya jirani yake na kununua tena. Earl mwenyewe hakuficha kwamba hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Toli zilikunjwa na kuungwa haraka, na katika maungo yake maji na matope yalipata pahali pa kulala. Gari za Chrysler za mwaka 1957 zilijulikana upesi kwa kuoza. Kwa hiyo yule mzee wa picha anafanya kinyume cha mawazo ya wale walioifanya gari yake. Walitaka iende kwenye takataka baada ya miaka michache. Yeye anaikataza kwenda.

Na kazi yake ni ya namna gani? Munafikiri pengine ni kupaka rangi. Hapana. Rangi ni karibu ya mwisho. Kwanza gari inafunguliwa yote, mpaka bodi inatoka juu ya shasi. Kila vise, kila waya, kila kipande kinawekwa katika mfuko wake na kuandikwa jina, na picha zinapigwa kabla ya kufungua. Mtu anayesema «nitakumbuka» amekwisha kushindwa siku ile ile, maana atakaporudisha kipande kile miaka sita itakuwa imepita, na pengine hata pembeni gani kilikaa hajui tena. (Wale wa darasa letu waliofungua redio ya bweni wasome fungu hili mara mbili.)

Halafu kutu. Kutu njo adui mkubwa, na haikai pale unapoiona. Inaanza chini ya tapi, pahali pa miguu. Ndani ya sanduku la nyuma. Katika chuma kinachopita chini ya milango. Ukigonga rangi nzuri kwa nyundo ndogo unasikia sauti ya karatasi. Basi toli iliyooza inakatwa mpaka kwenye chuma kizima, kipande kipya kinapimwa, kinakunjwa na kuungwa kwa moto, kidogo kidogo, juu moto mwingi unapinda toli yote. Kwa gari zilizopendwa sana, kama Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, kuko leo fabrika zinazotengeneza vipande vipya karibu vyote, hata bodi nzima. Lakini mtu aliyechagua gari isiyojulikana sana anatafuta kipande kimoja miaka na miaka, ao anakitengeneza mwenyewe.

Juu ya kutu kuko habari moja ya kweli ambayo ilinyamazisha bweni letu nilipoisimulia. Tarehe 15 Juni 1957, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, watu walizika gari mpya kabisa, Plymouth Belvedere yenye mapezi, katika shimo la beton mbele ya nyumba ya mahakama. Jimbo lao lilikuwa linatimiza miaka 50 mwaka ule, nao walitaka wajukuu wao waifukue baada ya miaka 50 mingine. Waliweka hata esansi pamoja nayo, maana walifikiri labda mwaka 2007 watu hawatatumia esansi tena! Walifanya pia mashindano: yule atakayekaribia zaidi kutaja hesabu ya watu wa Tulsa katika mwaka 2007, gari itakuwa yake. Mwaka 2007 shimo likafunguliwa mbele ya umati mkubwa. Maji yalikuwa yameingia. Gari iliyotembea kilometre chache tu katika maisha yake ilikuwa rangi ya udongo, viti vimeoza, chuma kimekuwa chepesi kama ganda. Yule aliyeshinda alikuwa amekufa mwaka 1979, na jamaa yake njo waliipokea. Fundi mmoja aliisafisha kwa uvumilivu miaka mingi, lakini kuitembeza tena haikuwezekana. Mwisho ilipelekwa kwenye jumba la makumbusho katika jimbo la Illinois. Wakati ule ule, gari za mwaka ule ule zilizotembea kila siku, kupigwa na jua na mvua, lakini zikafunguliwa na kutazamwa, zilikuwa zingali barabarani.

Nirudi kwa kazi. Vyuma vinavyong'aa, kama pareshoki, ni gharama kubwa kuliko munavyodhani. Ile rangi ya kioo si rangi. Ni madini yaliyowekwa kwa nguvu ya umeme ndani ya maji yenye dawa: mara nyingi shaba kwanza, kisha nikeli, na mwisho kromu nyembamba sana. Kama chuma cha chini kina shimo dogo, kromu haifichi shimo, inalionyesha zaidi. Kwa hiyo kila shimo linajazwa na kusuguliwa kabla. Mwalimu wa fizika aliniambia kwamba hii ni elektrolisi ile ile ya somo letu, ile ambayo wengi wetu tulipata 4 juu ya 10.

Motere haisumbui sana kama munavyofikiri, maana motere za wakati ule ni kubwa na rahisi kuelewa: karbiratere moja ao zaidi, hakuna kompyuta. Silinda zinachongwa upya, pistoni kubwa kidogo zinaingia. Zilifanywa kwa esansi yenye madini ya risasi, na esansi hiyo ilikatazwa kabisa kwa gari za barabara za Marekani tangu mwaka 1996. Kwa hiyo wengi wanaweka pete za chuma kigumu pahali valvu zinapokaa, ili zisiliwe.

Freni ndizo zinaleta ugomvi kati ya watengenezaji wenyewe. Katika gari karibu zote za wakati ule, mafuta ya freni yanatoka katika chumba kimoja tu kwenda magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, mguu unakwenda mpaka chini na gari ya tani mbili haisimami. Mikanda ya kiti, katika nyingi, haiko. Wengine wanasema: rudisha gari kama ilivyotoka fabrikani, hata vise yake, ukibadilisha kitu umesema uongo. Wengine wanaweka freni za vyumba viwili na mikanda, kwa sababu wanataka kupakia watoto wao. Mimi nasimama na hawa wa pili. Gari nzuri haipashwi kuua mtu kwa ajili ya ukweli wa vise.

Sasa feza. Hapa ndugu yetu wa kwanza alikuwa na haki kidogo. Mara nyingi feza inayoingia katika gari inapita bei yake siku ya kuuzwa, na masaa ya kazi hayahesabiwi. Tena wengi wanaanza na hawamalizi. Gari inabaki vipande katika masanduku, mwenyewe anazeeka, anakufa, na jamaa wanauza masanduku kwa mtu mwingine, naye anakuta mifuko isiyoandikwa. Nilisoma jambo hilo na huzuni. Kwa sababu hiyo watu hawa wanatafutana. Kuko chama cha wenye gari za kale tangu mwaka 1935, na cha wapenda Cadillac tangu 1958. Katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, tangu mwaka 1955 wanakutana wakati wa miti kupukutisha majani, na kuko soko kubwa la piese za zamani. Mtu anaweza kutembea siku nzima katika matope kwa kutafuta kioo kimoja cha taa, na anaporudi nacho anafurahi kama aliyeoa.

Wale waliosema «wazungu na michezo yao» wajue pia habari ya Cuba. Baada ya Marekani kufunga biashara na kisiwa kile, katika miaka ya 1960 na kuendelea, gari za mapezi zilizokuwa huko zilibaki bila piese. Watu hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Waliweka motere za mazuti na vipande vya gari za Warusi, wakachonga vingine wenyewe, na gari hizo zinabeba abiria mpaka leo. Mtengenezaji wa Pennsylvania angelia akifungua kifuniko na kuona yaliyo ndani. Lakini fundi wa pale kwetu sokoni, ambaye ninyi wote munamjua kwa waya zake, angesalimiana na mwenzake wa Havana bila mkalimani.

Nilipomaliza kueleza, ndugu wa kwanza alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Na yule mzee, akiimaliza, anakwenda nayo wapi?» Nilimjibu yaliyoandikwa chini ya picha: anaitoa siku ya Mungu kama hakuna mvua, anazunguka mji mara moja na mke wake, halafu anairudisha na kupangusa vumbi. Bweni likacheka, lakini si kama mara ya kwanza.

Gazeti lile liko katika maktaba, rafu ya chini, karibu na dirisha. Kila mtu anaweza kuliona saa ya mapumziko. Tafadhali, musikate ile picha.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita