Vumbi na Vipimo kwenye Barabara ya Butembo–Beni

Vumbi, moshi, cheche na ukungu wa michezo ya kompyuta hutengenezwa kwa chembe: vipande vidogo vya picha vinavyozaliwa, vikasogea, vikafifia na kufutwa. William Reeves wa Lucasfilm aliieleza mbinu hiyo mwaka 1983, baada ya kuitumia kuchora kuta za moto katika filamu ya Star Trek II ya 1982. Kila chembe hupewa umri kwa sekunde, mwendo kwa mita kwa sekunde na ukubwa wake. Kwa hiyo kuhangaika na chembe kabla vipimo vya mandhari havijakaa sawa ni kupoteza muda.

Katika injini za michezo za Unity na Godot, kizio kimoja huhesabiwa kuwa mita moja. Katika Unreal ni sentimita moja. Modeli ya pikipiki ya mita 2 ikihamishwa bila kulinganisha vizio, inaweza kuingia ikiwa na sentimita 2 au mita 200. Wengi huivuta kwa kipanya mpaka ipendeze macho. Lakini kizidisho cha 100 hubaki kimejificha ndani yake, na chembe zilizofungwa kwenye gurudumu zinaweza kukirithi. Dawa ni kurudi kwenye programu ya uundaji modeli ya Blender, kusoma urefu halisi, kuufanya ukubwa huo kuwa wa kudumu ili kizidisho kiwe 1, kisha kuitoa modeli upya. Kando yake asimamishwe mtu wa mita 1.7. Mlango wa duka, chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) lenye magunia, hata okapi ambaye mabega yake hufika mita 1.5 hivi, vitaumbuka mara moja vikiwa na kasoro.

Macho yakidanganyika, mwendo hausemi uongo. Jiwe likidondoka kutoka mita 2 hufika chini kwa sekunde 0.64. Mandhari yakijengwa makubwa mara kumi, jiwe hilo huanguka mita 20 na kuchukua sekunde 2, na lori la mizigo huonekana kama linaendeshwa mwezini. Kuongeza nguvu ya uvutano ili kuficha hali hiyo huzaa makosa mengine.

Vumbi jekundu la kiangazi kwenye barabara ya Butembo–Beni, mashariki mwa Kongo, huhitaji vyanzo viwili vya chembe. Cha kwanza hurusha punje nzito zinazoanguka kabla ya sekunde moja kwisha. Cha pili hutoa wingu jepesi, karibu lisilo na uzito, linalotanuka kutoka nusu mita hadi mita 3 likififia kwa sekunde nne au tano. Chembe zihesabiwe kwa nafasi ya mandhari, si ya pikipiki, la sivyo wingu zima litageuka na dereva kwenye kila kona. Idadi yake ifuate mwendo: pikipiki ikisimama, vumbi nalo likome.

Ukungu wa asubuhi kwenye vilima vya Butembo ni ghali zaidi kuliko unavyoonekana. Tabaka 20 zenye upana wa skrini humaanisha kila pikseli kupakwa mara 20, na simu ya kawaida hupata moto. Tabaka chache, zinazofifia zinapogusa ardhi, hutosha.

Umbali nao una hila zake. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi. Kwa namba za biti 32, kitu kilicho mita 54,000 kutoka kitovu huwekwa kwa hatua za karibu milimita 4, na kuta huanza kutetemeka. Unreal 5 hutumia biti 64. Kwingineko kitovu huhamishwa kila mchezaji anaposonga mbele.

Kilele cha Margherita cha milima ya Ruwenzori, mita 5,109, kiko kilomita 46 hivi kutoka Beni. Kikitazamwa kutoka mjini humo huinuka digrii 5 tu, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya skrini inayoonyesha digrii 60 kwa wima. Modeli iliyopunguzwa mara kumi ikiwekwa kilomita 4.6 huonekana vilevile, mradi mchezaji asiikaribie na weupe wa hewa ukokotolewe kwa umbali wa kweli. Theluji yake haihitaji chembe hata moja. Kwa umbali huo ni rangi tu.