Ganda la Amonaiti na Maabara za Eastlands (Sehemu ya Nne)

Tangu kundi la kwanza la Gredi ya 10 lianze masomo Januari 2026, wazazi wa Kayole, Umoja na Dandora wana haki ya kuuliza maabara ziko wapi. Lakini mjadala umenaswa kwenye bei ya vifaa, kana kwamba sayansi ni mali ya mwenye jengo. Sayansi imo hata katika miamba: katika sehemu zilizotangulia tulishaona kwamba miamba ya tope ya Miritini, kilipo kituo cha reli ya SGR, na ile ya Changamwe ni ya kipindi cha Jurasi, na kwamba amonaiti alizokusanya msafiri Hildebrandt Mombasa zilielezwa Berlin na mwanajiolojia Ernst Beyrich mwaka 1878. Enzi hiyo kilichotazamwa ni umbo: mizunguko, mbavu, mishono. Utajiri wenyewe umo ndani ya ganda. Amonaiti, mnyama wa ukoo mmoja na pweza, alijijengea nyumba ya aragonaiti, ambayo ni kabonati ya kalsiamu kama kalsaiti, ila atomu zake zimepangwa vingine. Chini ya hadubini kali, tabaka la lulu ni vibamba vilivyolaliana, kila kimoja chembamba kuliko mikrometa moja, vikitenganishwa na utando wa protini. Mng'ao ule si rangi. Ni mwanga unaochezacheza kati ya vibamba. Maji yakipenya, aragonaiti hugeuka kalsaiti, vibamba hufutika na strontiamu nyingi iliyokuwamo huondoka. Tope zito likiyazuia maji, ganda huweza kudumu. Belemnaiti, jamaa wa ngisi, ana mkia mgumu uliokuwa kalsaiti tangu mwanzo, ndiyo maana mwaka 1951 Harold Urey na wenzake walipima isotopu za oksijeni pete kwa pete katika mmoja wa Jurasi, wakahesabu viangazi vitatu na vipupwe vinne vya maisha yake.

Atasema mtu: hizo ni mashine za mamilioni. Kwa isotopu, kweli. Ila namna ya kutofautisha aragonaiti na kalsaiti, mwanakemia Meigen aliionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwa neli ya kioo na moto. Unga wa ganda ukichemshwa katika maji ya nitreti ya kobalti, aragonaiti hupata rangi ya zambarau. Kalsaiti hubaki nyeupe au buluu hafifu. (Siki haisaidii hapa, maana zote mbili hutoa mapovu.)

Pingamizi zito zaidi ni kwamba visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na ni vyema vilindwe. Si vya kuchimbwa na kila mwanafunzi. Basi tuanze na viumbe vya leo. Mfupa wa dome, ule wanaowekewa ndege vizimbani, ni aragonaiti. Ganda la yai la kibandani Jericho ni kalsaiti. Mwalimu avae glavu, kwani kobalti ni sumu, aweke neli mbili juu ya stovu, na darasa liseme kabla ya maji kuchemka ni ipi itakayobadilika.