Jino Lililotibiwa Mzizi: Kweli au Si Kweli?

"Ukishatibiwa mzizi, jino hukauka likawa kama ukuni."

Si kweli. Watu huliamini hili kwa sababu kiini kimetolewa na damu haifiki tena ndani ya jino. Lakini mwaka 1992 watafiti Sedgley na Messer walichukua meno 23 yaliyotibiwa mizizi, wakalilinganisha kila moja na pacha wake hai wa upande wa pili wa kinywa kile kile. Ugumu ulipungua kwa asilimia 3.5 tu, na katika vipimo vingine vya nguvu hawakuona tofauti ya maana. Jino hilo halikaukii kinywani. Likivunjika, uliza limepoteza sehemu yake kiasi gani.

"Kuchonga mifereji ya mizizi ndiko kunakoliua jino nguvu."

Kwa sehemu ndogo. Mwaka 1989 Reeh, Messer na Douglas walipima magego madogo yaliyong'olewa. Matibabu ya mzizi peke yake yalipunguza uthabiti wa jino kwa asilimia 5. Tundu la kawaida la kuziba, juu ya jino, lilipunguza asilimia 20. Tundu lililokula kingo zote mbili za ubavuni, mbele na nyuma, lilipunguza asilimia 63. Kingo hizo ndizo zinazozishika kuta za jino pamoja. Zikiondoka, kila unapotafuna kuta zinatanuka kidogo, zinarudi, zinatanuka tena, mpaka siku ufa unapotokea. Mara nyingi, basi, uharibifu mkubwa ulifanywa na kuoza kwa jino, kabla daktari hajashika faili, kifaa chembamba cha kukwangulia mfereji.

"Faili za mashine ni salama kuliko za mkono."

Hapa ni lazima kuangalia umbo la faili. Faili namba 25, yenye alama nyekundu, ina upana wa milimita 0.25 nchani. Ya mkono hupanuka taratibu, asilimia 2, hivyo milimita 10 juu ya ncha imefika 0.45. Ya mashine yenye mpanuko wa asilimia 6, ncha ile ile, hapo hapo imefika 0.85. Tofauti hiyo yote ni dentini, sehemu ngumu ya ndani ya jino, iliyokwanguliwa, na kadiri faili inavyopanda ndivyo inavyoila shingo ya jino karibu na fizi, mahali ambapo nguvu ya kutafuna hukusanyika. Kwa upande mwingine, nikeli-titani, aloi ya faili za mashine, iliyoanza kujaribiwa kwa kazi hii mwaka 1988, hupinda na mfereji uliopinda. Chuma kigumu cha faili nyingi za mkono hulazimisha mfereji kunyooka, kikakwangua ukuta mmoja hadi ukawa mwembamba mno.

"Basi mfereji uchongwe kidogo kabisa."

Si kweli, na ushauri huu unanitia hofu. Haipokloriti ya sodiamu, dawa ya jamii moja na jiki, lazima ifike chini kuua vijidudu. Mfereji mwembamba mno huizuia, na jino lenye nguvu lililobaki na usaha halimfai mtu. Ni kweli pia kwamba dawa hiyo ikiwa kali na ikikaa muda mrefu hudhoofisha dentini, kwa hiyo kipimo chake kina maana.

"Maumivu yakiisha, kazi imekwisha."

Si kweli, na hapa ndipo watu wengi wanapopotezea magego yao. Mtu anaondoka na kizibo cha muda, anapata nafuu, anaahirisha kurudi, kisha siku moja anatafuna muhogo wa kukaanga na kusikia "ka!". Mwaka 2002 Aquilino na Caplan waliripoti kwamba meno yaliyotibiwa mizizi bila kuvikwa kofia, wengine huiita taji, yalipotea kwa kasi mara 6 ya yaliyovikwa. Gego lililopoteza kingo zake linahitaji kufunikwa vilele vyote.

Kofia nayo inahitaji pa kushika: karibu milimita 2 za jino zima kuzunguka, juu ya fizi. Muulize daktari wako kama zitabaki, na umuulize kabla ya sindano ya ganzi.