Vipaumbele vya shule: wazazi wa Kiriba tusingoje siku ya mchango

Mwaka wa masomo nchini mwetu huanza Januari, na kila shule ya msingi hupaswa kuwa na mpango wake wa maendeleo uliopitiwa na kamati ya shule, ambamo wazazi wana wajumbe wao. Leo tunawaelekea wazazi wenzetu wa Kiriba, Musoma Vijijini, kwa kuwa mpango huo huandikwa kwa ajili ya watoto wetu, lakini wengi wetu huusikia siku ya kuchangishwa tu.

Utaratibu huu si mgeni. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, ulizipa kamati za shule madaraka ya kupanga na kusimamia fedha. Baadaye mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ulifika mkoani Mara na kuhimiza Ushirikiano wa Wazazi na Walimu. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa, wapo waliodhani kwamba shule imekuwa mzigo wa Serikali peke yake. Sivyo. Sare, madaftari na chakula cha mtoto vilibaki mikononi mwa mzazi.

Tutazame hesabu. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku iliyopangwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 za kupelekwa shuleni na 4,000 za vitabu. Kwa kiwango hicho, shule ya wanafunzi 600 hupata shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani na ukarabati, vyote vimo humo. Fedha hizo haziwezi kubeba mpango wenye mambo kumi na tano. Mpango wa namna hiyo ni orodha ya matamanio, na mwisho wa mwaka hakuna anayeulizwa lolote.

Basi yachaguliwe matatu, nayo yatokane na kuhesabu. Kipimo cha Serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wasichana wakiwa 200 na matundu yakiwa sita, yamepungua manne. Hapo hapana haja ya mabishano: choo cha binti kitangulie rangi ya ofisi, kwani binti aliyekwisha baleghe akikosa pa kujisitiri hubaki nyumbani, na somo lililompita halimngojei.

Vivyo hivyo lifunguliwe daftari la mahudhurio. Sisi wa mwambao twajua kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi unapoandama na unapofifia. Ikiwa madawati hubaki wazi siku hizohizo kila mwezi, dawa yake si kuongeza madawati. Ni wazazi na wenye mitumbwi kukubaliana kwamba mtoto hatakwenda ziwani wala kwenye kuanika dagaa saa za masomo. Kipaumbele hicho hakihitaji fedha, chahitaji ahadi.

Kila kipaumbele kiandikwe pamoja na gharama yake, jina la msimamizi na mwezi wa kukamilika, kisha kibandikwe ubaoni ambapo kila mzazi atakisoma. Asiyejua kusoma asomewe mkutanoni. Mwisho wa kila muhula kamati ieleze kilichofanyika, kilichokwama na fedha iliyotumika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kushauriana ni katika mafundisho ya dini yetu, nasi hatuna udhuru wa kukaa pembeni. Maimamu watangaze siku ya mkutano wa shule baada ya swala ya Ijumaa. Kina baba wahudhurie, na kina mama wasiachwe nyuma, kwani wao ndio wajuao ni asubuhi gani mtoto aliondoka bila uji, na ni siku gani binti alikataa kwenda shule bila kusema sababu.