Madaraka katika Kanisa Katoliki (2): Kardinali si daraja la nne

Wiki iliyopita tuliishia kwa Papa. Leo tushuke jimboni, maana huko ndiko waumini wengi wanakochanganya mambo. Wengi wetu hudhani paroko yuko chini ya askofu, askofu chini ya askofu mkuu, askofu mkuu chini ya kardinali, na kila mmoja humpa amri anayemfuata, mithili ya mkoa na wilaya. Sivyo.

Daraja Takatifu ni sakramenti moja yenye ngazi tatu tu: ushemasi, upadre na uaskofu. Aliyewahi kuhudhuria ibada hizi ameona tofauti kwa macho. Shemasi huwekewa mikono na askofu peke yake. Padre huwekewa mikono na askofu, kisha mapadre waliopo hupita mmoja mmoja wakifanya vivyo hivyo, kimya bila neno. Baadaye viganja vyake hupakwa krisma. Askofu hupakwa krisma kichwani, na kitabu cha Injili hushikwa wazi juu ya kichwa chake wakati sala ya kumweka wakfu inasaliwa. Shemasi hubatiza, huhubiri, husimamia ndoa na kuzika. Kuadhimisha Misa, kuungamisha na kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu ni kazi ya padre. Kumpa mtu mwingine daraja ni kwa askofu tu. Masista na mabruda, pamoja na utumishi wao mkubwa, hawamo katika ngazi hizi.

Ukardinali je? Mtazame Laurean Rugambwa. Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi, naye wakati huo alikuwa askofu wa Rutabo, jimbo dogo la Buhaya. Uaskofu mkuu wa Dar es Salaam ulimfikia mwaka 1968, miaka minane baadaye. Leo kardinali Protase Rugambwa ni askofu mkuu wa Tabora, na kofia yake nyekundu haimpi mamlaka yoyote ya kuliongoza jimbo kuu la Dar es Salaam. Makardinali ni washauri wa Papa, na walio chini ya miaka 80 humchagua Papa mpya. Mei 2025 makardinali 133 walimchagua Leo XIV. Mmoja wao, Timothy Radcliffe, Mdominikani wa Uingereza, si askofu hata leo. Ni padre.

Askofu mkuu naye hueleweka vibaya. Kigoma imo katika kanda ya Tabora, na askofu mkuu wa Tabora ana wajibu wa kuangalia kama imani na nidhamu vinalindwa huko, na kumjulisha Papa panapokuwa na kasoro. Lakini kumhamisha paroko wa Kigoma hawezi. Mwenye uwezo huo ni askofu wa Kigoma, ambaye jimboni mwake hutunga sheria, huhukumu na kutawala, akiwajibika kwa Papa. Akifikisha miaka 75 huombwa kumwandikia Papa barua ya kung'atuka.

Uzito wa mamlaka hayo ya askofu huonekana siku ya upadirisho, pale kijana anapoweka mikono yake ndani ya mikono ya askofu na kuahidi kumtii yeye na waandamizi wake. Halmashauri ya parokia haina ahadi ya namna hiyo, wala kura yake haimfungi paroko: kazi yake ni kushauri. Naona ni kosa kubwa kuwachagua wajumbe bila kuwaeleza hilo mapema, kwa sababu magomvi mengi ya parokiani huanzia hapo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na dukuduku kuhusu parokia yako, usikimbilie kumwandikia kardinali wala Baraza la Maaskofu. Anza kwa paroko, kisha dekano, kisha askofu wako. Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakupa haki ya kuwaeleza wachungaji wako mahitaji na maoni yako. Itumie, kwa heshima, na uweke jina lako.

Itaendelea wiki ijayo: mapadre wa mashirika na askofu wa jimbo.