Hewa Ndani ya Usukani

Corolla 100 yangu, umbo lililoanza kutengenezwa 1991, inalia. Si injini. Ni mlio mwembamba kama wa mbu sikioni, unaopanda kila ninapokata kona. Nimekuja nao kutoka Kibera hadi Naivasha Road, Kawangware, ambako mafundi wa jua kali hufanyia kazi ukingoni mwa lami, matatu zikiwapitia mgongoni.

Fundi anachungulia kikopo cha oili ya pawa ya usukani. Kimejaa povu la waridi.

“Hii ni hewa, bosi. Nani alijaza?”

Ni mimi. Siku tatu nyuma, pale Kibera, mpira wa presha ulipasuka, ukabadilishwa, nikamimina oili na kuondoka mbio. Oili haibanwi, hewa hubanwa. Pampu ikimeza vyote viwili, usukani huwa mwepesi, mara mzito, mara mwepesi tena. Angalau nilimimina ile nyekundu ya gia otomatiki. Ya breki ingeharibu sili.

Jeki inainua magurudumu ya mbele, magogo mawili yanawekwa chini, maana jeki peke yake haiaminiki. Kijana wake anaingia, anageuza ufunguo kiasi cha kuufungua usukani tu. Injini haiwashwi. Hapa ndipo wenye haraka kama mimi tunapoharibu: ukiiwasha mapema, pampu huivuruga hewa na oili hadi iwe povu tupu. Basi kijana anazungusha polepole, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Viputo vinapanda, oili inashuka, fundi anaongeza. Nilihesabu raundi ishirini nikachoka.

Hata usukani wa pawa wenyewe ulingojewa. Mmarekani Francis Davis alikuwa nao ndani ya gari la Pierce-Arrow mwaka 1926. Wanunuzi wa magari waliupata 1951, Chrysler ilipouweka kwenye Imperial.

Povu likaisha. Injini ikawashwa, ikaachwa ingurume polepole, kijana akarudia kuzungusha. Akifika mwisho anaachia upesi. Kuung'ang'aniza hapo huchemsha oili na kuitesa pampu. Mlio ulikuwa umepungua. Nikatoa pochi.

“Ngoja kwanza,” fundi akasema, akazima injini, macho kwenye kikopo. Kama hewa imeisha, oili hupanda kiduchu tu injini ikizimwa. Yetu ikapanda kidole kizima.

Akamwashiria kijana arudi kwenye usukani.